Nataka kusomea sauti na maigizo pamoja: nichague programu gani?

binti_wa_Kisauni

Salaam aleikum wakubwa zangu, na hamjambo wenzangu.

Nimemaliza Form Four hapa Mombasa. KCSE nina B-, na Muziki nilipata B+. ABRSM, ile mitihani ya muziki ya Uingereza, nimepita gredi ya 5 ya kuimba na gredi ya 5 ya nadharia. Sauti yangu ni mezzo, yaani ya kike ya kati. Naimba kwaya, na taarab naiweza kiasi. Jukwaani pia nimo tangu tamasha za shule, na sitaki kuacha kimoja nishike kingine.

Nyumbani wanasema niombe shahada ya muziki, maigizo niyafanye pembeni. Mwalimu wangu wa drama ameshikilia kinyume chake. Nikisoma kurasa za vyuo naona vyote vyasema mwanafunzi "ataimba na kuigiza", basi sijui nitenganishe vipi. Nitazame nini hasa? Hapa Afrika Mashariki kuna nini? Na nje kwawezekana bila wazazi kuuza kiwanja?

Shukran.

---

mwalimu_wa_sauti_Tudor

Waleikum salaam mwanangu.

Kabla ya kutazama jina la shahada, tazama jioni za chuo. Sauti na maigizo hugongana hapo, na ukurasa wa chuo hautakwambia.

Mchana hakuna tabu, madarasa yana ratiba na yaweza kupangwa. Lakini kwaya ya chuo na kundi la opera hufanya mazoezi jioni, na tamthilia nazo hivyo hivyo, saa kumi na mbili mpaka saa nne usiku, siku nne au tano kwa wiki, wiki tano hadi nane kabla ya onyesho. Mwanafunzi wa muziki kwa kawaida analazimika kuwa kwenye kwaya kila muhula, na akikosa anapoteza alama. Idara ya maigizo nayo haimpi nafasi ya mhusika mtu anayekosa mazoezi mawili kwa wiki. Matokeo yake ni kwamba umesajiliwa kwa fani mbili na umeruhusiwa kusoma zote mbili, lakini miaka minne unapanda jukwaani kwa moja tu.

Kwa hivyo andika barua pepe kwa idara zote mbili na uulize hivi: "Muhula uliopita, ni wanafunzi wangapi wa sauti walipewa nafasi katika tamthilia za chuo, na kwaya iliwaachilia vipi?" Chuo chenye mpango kitakupa jibu lenye idadi na utaratibu. Wakikujibu "tunahimiza wanafunzi wetu kushiriki kila kitu", jua hakuna mpango.

La pili ni somo la sauti la ana kwa ana. Uliza ni dakika ngapi kwa wiki, 30 au 60, na ni wiki ngapi kwa muhula. Dakika 30 kwa mtu anayesomea sauti ni chache mno: dakika kumi zaenda kwenye kupasha sauti, kumi kwenye zoezi moja, na wimbo mnaupitia mara mbili muda umekwisha. Kuna programu za maigizo zinazotangaza "mafunzo ya sauti", kumbe ni darasa la watu kumi na wawili wanaoimba pamoja. Lina faida, lakini haliwezi kukaa mahali pa mwalimu anayekusikiliza wewe peke yako. Uliza pia mwalimu mwenyewe anafundisha uimbaji wa aina gani, na kama wanafunzi wake huruhusiwa kuimba nyimbo za jukwaani au ni za opera na kanisani tu.

La tatu, saa za karakana. Mwanafunzi wa maigizo hufanya zamu za kujenga jukwaa, kushona mavazi, kufunga taa. Saa hizo ni sharti la kufuzu, na huwa jioni na Jumamosi. Zihesabu kwenye wiki yako kabla hujasema utaweza.

Sasa majina. Marekani utayaona matatu. BM (Bachelor of Music) ni shahada ya kitaaluma ya muziki: kwa miongozo ya NASM, chama kinachoidhinisha shule za muziki huko, angalau asilimia 65 ya masomo ni muziki. BA (Bachelor of Arts) ya muziki ina asilimia 30 hadi 45 tu, kwa hivyo ndiyo inayoacha nafasi ya kuchukua maigizo kama fani ya pili. BFA (Bachelor of Fine Arts) ya maigizo au ya tamthilia ya muziki hukaza uigizaji, densi na kuimba kwa pamoja, ila nadharia ya muziki na lugha za kuimbia huwa nyepesi. Mtu akikwambia uchukue BM pamoja na fani kamili ya maigizo ndani ya miaka minne, mwambie apige hesabu ya hiyo asilimia 35 iliyobaki, ambayo ndani yake mna masomo ya jumla ya chuo vilevile.

---

Fundi_wa_Jukwaa

Dada, nikuongezee upande wa nyumbani, maana wengi wetu hukimbilia Marekani kabla ya kufungua hata ukurasa wa KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo hapa Kenya.

B- yako inatosha kwa shahada. Mpaka ni C+. Lakini usiishie kwenye alama ya jumla. Kila programu ina alama za somo moja moja, na KCSE Muziki yako (511) ni mtaji mkubwa kwa sababu shule nyingi hapa Pwani hazifundishi somo hilo. Ingia kwenye tovuti, fungua programu moja baada ya nyingine, uangalie masomo ya klasta (yale ambayo programu inayahesabu) na alama uliyokokotolewa. Watu hukosa nafasi kwa kuandika programu nne ambazo mbili kati yake hawana sifa zake.

Kenyatta University ina muziki na ina sanaa za maigizo na filamu, ila ni idara mbili. Ukiingia kwa muziki, wewe ni wa muziki. Maigizo itabidi uyatafute, na swali la mwalimu hapo juu kuhusu jioni ndilo la kuuliza. Maseno pia hufundisha muziki na sanaa za maonyesho. Ukisomea Nairobi una faida moja zaidi, Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa 1944 na ipo palepale kwenye Kenya National Theatre. Waweza kuchukua masomo ya sauti pale huku shahada yako ikiwa ya maigizo. Kwa wengi huu ndio mpango wenye akili zaidi kuliko yote: shahada ya maigizo, mwalimu wa sauti wa kulipia, na gredi za ABRSM 6 mpaka 8 zikienda sambamba. Nadharia ya gredi 5 unayo tayari, nayo ndiyo inayofungua gredi 6, 7 na 8 za kuimba.

Ng'ambo ya mpaka, TaSUBa ya Bagamoyo, ambayo ilianza 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, inaweka ngoma, muziki na maigizo chini ya paa moja, na lugha ya jukwaani ni Kiswahili. Mwimbaji anayejua kusogea na kupiga ngoma atapikika vizuri pale. Hutapata opera, na hutapata lugha za Ulaya. Ni diploma, si shahada, kwa hivyo ukitaka kuendelea chuo kikuu baadaye, uliza mapema watakuhesabia nini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina muziki na sanaa za maonyesho kwa kiwango cha shahada, na Makerere ina idara ya sanaa za maonyesho na filamu iliyokua kutoka idara ya zamani ya muziki, ngoma na drama. Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, Mji Mkongwe. Hiyo ni ya taarab na ala zake, haina maigizo. Mtu wa taarab akikaa huko miezi michache kabla ya kuanza chuo hajapoteza wakati.

Neno moja kuhusu ajira, kwa sababu najua nyumbani watauliza. Mtaala mpya wa sekondari ya juu, ulioanza na Gredi ya 10 Januari 2026, una mkondo wa sanaa wenye Muziki na Densi, na Tamthilia na Filamu. Shule zitahitaji walimu wanaojua vyote viwili. Ila kusajiliwa na TSC, tume ya walimu, kunataka shahada yenye ualimu ndani yake, na C+ ya KCSE katika masomo mawili ya kufundishia. Shahada ya muziki pekee haikupeleki darasani. Itabidi uongeze stashahada ya ualimu baadaye. Muziki una B+, sasa tafuta somo la pili ambalo una C+ au zaidi, ulitie akilini unapochagua.

---

mama_kwaya

Nakubaliana na mengi ila natofautiana kidogo na Fundi. Kwa binti wa umri huu mimi ningetanguliza sauti, maigizo yafuate.

Sababu ni mwili wenyewe. Sauti ya miaka 18 bado inatulia, na msingi wa pumzi na wa kuunganisha sauti ya kifua na ya kichwa ni kazi ya miaka miwili mitatu ya subira. Uigizaji waweza kuushika ukiwa na miaka 22 ukafika mbali. Sauti iliyojengwa vibaya ikiwa na miaka 18, kuivunja na kuijenga upya ni taabu.

Tena mizigo miwili hujumlishana kooni. Saa moja ya somo, saa moja na nusu ya mazoezi binafsi, saa mbili za kwaya, halafu saa tatu za tamthilia yenye kelele na vilio: nyuzi za sauti hazijui hii ni fani gani, zinagongana tu. Zikigongana kwa nguvu siku nyingi mfululizo huvimba, na uvimbe usiopumzishwa huota vinundu. Dalili ya kwanza haiwi maumivu. Utaona noti za juu ulizokuwa ukiziimba kwa ulaini zinakataa mpaka uzisukume, na asubuhi sauti inachelewa kuamka. Hapo punguza kazi siku hiyo hiyo. Ukwaruzo ukizidi wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akatazame kwa kamera. Usijitibu kwa tangawizi na limau. Na ukiambiwa upumzishe sauti, usinong'one. Kunong'ona kwa nguvu kunaichosha zaidi kuliko kuzungumza polepole.

Njia ya kujikinga ni kupanga kazi nzito na nyepesi zisifuatane. Siku ya mazoezi ya tamthilia, zoezi binafsi liwe dakika 40, na tumia mrija: tia mrija wa kunywea soda kwenye glasi yenye maji, uzame sentimita mbili, kisha toa sauti kupitia mrijani ukipanda na kushuka taratibu, dakika tano kabla na tano baada ya mazoezi. Mgandamizo wa maji unazipunguzia nyuzi mgongano. Mwezi wa Ramadhani hamisha zoezi zito liwe baada ya futari ukishakunywa maji na yakakaa mwilini, si saa kumi jioni koo likiwa kavu.

Kuhusu taarab, usiifiche na usiitegemee peke yake. Ule mkunjo wa sauti na mwangwi wa puani ndio uzuri wake, lakini jopo la walimu wa Kizungu huweza kuusikia kama koo lililobanwa. Waonyeshe kwanza wimbo ulioimbwa wazi, halafu kama wanaruhusu chaguo huru, hapo watie taarab. Watajua umechagua, hukukwama.

Lugha nayo. Irabu zetu tano safi zakusaidia sana kwenye Kiitaliano, kuliko zinavyomsaidia Mwingereza. Taabu iko kwenye konsonanti: sisi huchomeka irabu baina ya konsonanti mbili, na tunalegeza zile maradufu za Kiitaliano. Kijerumani chenye konsonanti tatu mwishoni mwa neno kitakutesa. Soma maneno kwa mdundo bila kuimba, polepole, mpaka irabu ya ziada itoke.

---

binti_wa_Kisauni

Mashallah, nimejifunza mengi. Mama kwaya, je, hiyo "sauti kwanza" ina maana niache kabisa programu za tamthilia ya muziki? Na nje, nianzie wapi? Vyuo vingi vyataka video na sijui wanataka nini.

---

mama_kwaya

La, usiache. Ila soma wanavyofundisha kuimba. Programu inayokufanya upaze sauti ya kifua kwenye noti za juu tangu muhula wa kwanza bila mwalimu wa ana kwa ana, hiyo ndiyo ninayokukataza. Yenye somo la dakika 60 na mwalimu anayejua mitindo yote miwili, ombeni Mungu awafungulie.

---

Nahodha_Likoni

Habari dada. Nje, anza na pesa kisha urudi kwenye jina. Shule za tamthilia ya muziki zinazosifika sana Marekani ndizo pia ambazo mgeni hupata msaada mdogo. Vyuo vidogo vya sanaa huria (vinavyofundisha masomo mengi ya jumla), vyenye BA, mara nyingi vina mfuko mkubwa zaidi kwa mwanafunzi wa nje, na BA ndiyo inayokuruhusu fani mbili. Berea College, Kentucky, haitozi ada ya masomo na huwagharimia wageni wote inaowapokea kwa mwaka wa kwanza. Wanafunzi hufanya kazi ya chuo angalau saa 10 kwa wiki. Ina muziki na ina maigizo. Nafasi za wageni ni chache na ushindani ni mkali, lakini kuomba huombi kwa kuuza kiwanja.

Oberlin, Ohio, ina mpango wa shahada mbili kwa miaka mitano: BMus (ndiyo BM) upande wa konsavatori, yaani shule ya muziki, na BA upande wa chuo, na maigizo yapo upande wa BA. Lazima upokelewe na pande zote mbili, kila moja kwa maombi yake. Upande mmoja ukikukubali na mwingine ukikataa, unaingia kwa uliokukubali. Miaka mitano pia ni ada ya miaka mitano, kwa hivyo soma barua ya msaada wa kifedha uone kama mwaka wa tano umo. New York University, kitivo cha Steinhardt, ina BM ya uimbaji yenye mkazo wa tamthilia ya muziki. Hiyo ndiyo mfano mzuri wa fani mbili zilizoshonwa kuwa moja, lakini gharama yake ni ya kutisha na sikushauri uiombe bila mfadhili.

Uingereza, maombi ya muziki ya konsavatori hupitia UCAS Conservatoires, mfumo wao wa maombi, na hufungwa mwanzoni mwa Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya kuanza. Ya maigizo na tamthilia ya muziki yana tarehe nyingine, baadaye. Watu wanachanganya hizi mbili na kupoteza mwaka. Afrika Kusini, University of Cape Town ina South African College of Music, yenye mafunzo ya opera, na kituo cha tamthilia na densi, ila ni nyumba mbili kama Kenyatta.

Kuhusu odisheni, yaani majaribio mbele ya jopo: kwa sauti ya kimuziki watataka nyimbo mbili za mitindo tofauti, mara nyingi moja ya Kiitaliano au lugha nyingine ya Ulaya. Kwa tamthilia ya muziki, nyimbo mbili zilizokatwa sekunde 60 hadi 90, na monolojia (maneno ya mhusika mmoja) moja au mbili za urefu huohuo. Wakikwambia baa 16 (vipimo 16 vya noti), hiyo ni kama sekunde 30 hadi 45 kutegemea mwendo, basi chagua sehemu yenye mabadiliko ya hisia, si ubeti wa kwanza unaoeleza hali tu. Monolojia itoke kwenye tamthilia iliyochapishwa, mhusika awe wa rika lako, na awe anataka kitu kwa mtu aliye mbele yake sasa hivi. Kisa kinachosimulia yaliyopita hukwama, kwa sababu hakuna unachofanya zaidi ya kukumbuka.

Karatasi za noti, ukienda ana kwa ana: ziwe kwa ufunguo unaoimba, zimebandikwa zifunguke kama kitabu, mwanzo na mwisho zimewekwa alama kwa kalamu. Mpiga piano hakujui. Ukimpa karatasi zinazoanguka, wimbo umeharibika kabla hujafungua mdomo.

---

Fundi_wa_Jukwaa

Video nitamalizia mimi, maana ndiyo inayoangusha watu wenye sauti nzuri.

Simu iwe ya upana, si ya wima, juu ya stendi, usawa wa macho, umbali wa mita mbili hadi tatu. Ukikaribia zaidi, maikrofoni ya simu hujipunguza yenyewe kila ukipaza sauti, na kile ulichokifanyia kazi mwaka mzima, kupanda na kushuka kwa nguvu, kinalainika chote kikawa kiwango kimoja. Kama unaweza kuazima kinasa sauti au maikrofoni ya nje, bora zaidi. Muziki wa kusindikiza uwe kwenye spika iliyowekwa nyuma ya simu, ikitazama kwako, na sauti yake iwe chini ya vile unavyopenda. Spika ikiwa karibu na simu itakumeza. Fanya jaribio la sekunde ishirini, sikiliza kwa hedifoni, rekebisha, ndipo uanze.

Nyumba zetu za Mombasa zina adui watatu: feni, tuktuk na mwangwi wa kuta tupu. Feni izimwe kabisa, na kiyoyozi pia, kwa hivyo rekodi asubuhi baada ya alfajiri kabla joto halijapanda, baada ya kupasha sauti kwa nusu saa. Angalia saa za adhana za msikiti ulio karibu upange baina yake. Mwangwi uue kwa kutundika leso mbili tatu na godoro ukutani nyuma ya simu, si nyuma yako, ili kilicho nyuma yako kibaki ukuta safi wa rangi moja. Dirisha liwe mbele yako, mwanga ukuangukie usoni. Likiwa nyuma utaonekana kivuli.

Mavazi ya rangi moja isiyofanana na ukuta. Kwa wimbo mmoja waonyeshe mwili mzima kuanzia miguuni, kwa monolojia kuanzia kiunoni kwenda juu, isipokuwa chuo kimesema vingine. Macho yatue kando kidogo ya kamera, si kwenye kamera yenyewe, labda wakitaka.

Usihariri sauti, usitie mwangwi wa programu, na usiunganishe vipande viwili ndani ya wimbo mmoja. Jopo hutambua, na hukataa. Kila wimbo rekodi mara tatu, si thelathini. Baada ya tano sauti imechoka na unarekodi uchovu. Ipe faili jina lako, jina la wimbo na programu unayoomba, na uipakie siku tatu kabla ya mwisho, kwa sababu intaneti ya siku ya mwisho huwa nzito na mifumo ya maombi hufunga kwa saa za huko kwao.